Mwalimu Aliyekula Mshumaa

Mwalimu wa sayansi aliupuliza mshumaa uliokuwa ukiwaka mezani, akaung'ata, akautafuna taratibu, akameza. Darasa zima likapiga mayowe.

“Weee! Mwalimu kala mshumaa!”

“Nani kauona huo mshumaa?” aliuliza huku akijifuta midomo.

Mikono yote ikapaa. Mwalimu akacheka. Ilikuwa ndizi, aliyoichonga mwenyewe nyumbani na kuichomekea kipande cha korosho kiwe utambi. Korosho ina mafuta, inawaka vizuri tu.

“Mmeona kitu cheupe, kirefu, chenye moto juu. Mshumaa mmeukisia. Hili neno letu ‘naona’ ni tapeli, wanangu. Mtu anasema ‘naona mvua itanyesha’, kumbe alichoona ni wingu. Leo humu ndani, ukisema naona, iwe kwa macho.”

Wakaufanya mchezo. Kila aliyeteleza akasema ‘naona’ kwa kukisia alizomewa. Mwalimu alicheka nao, lakini kicheko chake kilikuwa cha juujuu, maana moyoni alikuwa na lake. Asubuhi ile alikuta meza yake imeondolewa kwenye chumba cha walimu. Wenzake waliokuwa wakinong'ona walinyamaza ghafla alipoingia, na mwalimu mkuu akamwambia bila hata kumtazama, “Ukimaliza kipindi, pita ofisini.” Basi, anahamishwa, hakuwa na shaka. Na watoto hawa aliwapenda mno, pamoja na kelele zao zote.

Msichana wa dawati la mbele, ambaye wenzake walimwita Kiherehere, akanyoosha mkono. “Mwalimu, naona una huzuni.”

“Umeona nini?”

“Macho mekundu. Halafu umefuta ubao ambao hauna kitu.”

 Mwalimu alitaka kusingizia vumbi la chaki, akashindwa. “Ninahamishwa, wanangu.”

“Nani kakwambia?”

“Meza yangu imeondolewa. Wenzangu wakiniona wananyamaza.”

“Hayo umeyaona,” alisema Kiherehere, mkali kama hakimu. “Hilo la kuhamishwa je?”

Mwalimu akaiweka chaki chini.

“Kakisia! Mwalimu kakisia!” Wakamzomea bila huruma, naye akajikuta anacheka mpaka mbavu zinamuuma. Aibu gani tena hii! Tangu asubuhi alikuwa ameshaanza kuaga hata kuta, kisa meza.

Hata hivyo, kengele ilipolia alikwenda ofisini moyo ukimdunda. Mwalimu mkuu aliinuka kitini. Alimwongoza hadi stoo ya zamani, akausukuma mlango. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi, rafu zimepigwa, na bomba jipya limefungwa juu ya sinki. Katikati ya chumba ilikuwapo meza yake. Walimu wenzake walisimama pembeni, wengine wakiwa na rangi viganjani, wakitabasamu kama wezi waliofumaniwa.

“Maabara yako, Mwalimu,” alisema mkuu. “Ilibidi tukukwepe. Sisi siri hatuziwezi, tungeropoka.”

Mwalimu aliufunika uso kwa viganja. Kisha akaliendea bomba, akalifungua, akalifunga, akalifungua tena.

Nje, darasa zima lilikuwa limejibana dirishani.

“Analia,” mmoja alinong'ona.

“Ni furaha hiyo,” akasema mwingine.

“Aa, hapo umekisia!”

Kiherehere alipenya katikati ya vichwa vya wenzake, akabandika paji la uso kwenye kioo, akatazama kwa muda mrefu.

“Hapana,” alisema. “Mimi naiona.”