Umbo la Pili Ukutani kwa Dorcas

Masele alikuwa amepiga picha za eksirei kwa miaka ishirini na sita, na labda ndiyo sababu macho yake hayakuogopa maumbo yasiyo na jina. Watu wengine wakiingia kwenye karakana ya Achola, mama mtengeneza sanamu kule Ilemela, waliuliza vile vyuma vilivyopinda ni mnyama gani. Masele hakuuliza. Alizunguka taratibu, akainama, akazunguka tena.

Kila alipomaliza sanamu, Achola alichonga umbo lake kwenye ubao, akaupaka wino kwa rola, akachapa karatasi kumi na tano basi. Kila moja aliiandikia namba kwa penseli na kuitia sahihi. Masele alikuwa na umbo la kwanza, na la tatu mpaka la saba, yote yakiwa sebuleni kwake. La pili lilimpita. Mwaka ule alikuwa masomoni Dodoma.

"Mama, nichapie moja tu," alimwomba Jumamosi moja. "Nani atajua?"

Achola alimpeleka nyuma ya karakana, akaondoa makopo ya rangi juu ya ubao mmoja. "Ndio huu. Nikishamaliza zile kumi na tano, naupiga randa, umbo lote linafutika. Mimi nitajua, Masele."

Masele aliupapasa. Haukuwa na hata mkwaruzo. Alitegemea kuudhika, lakini akajikuta anamheshimu yule mama kuliko jana.

"Moja nilimpa binti aliyekuwa akinisuka," Achola aliongeza. "Dorcas. Nasikia ana saluni Buzuruga siku hizi."

Aliikuta saluni nyuma ya stendi. Picha ilikuwa juu ya kioo, kwenye fremu, namba tisa: mkunjo mmoja mpana mweusi uliopanda, ukasita, kisha ukashukia upande ambao mtu hakuutarajia. Masele alisahau hata kusalimia.

"Kaka, hapa hatunyoi wanaume," Dorcas alisema.

Alipoeleza shida yake, Dorcas alitikisa kichwa bila kuacha kusuka. "Siiuzi. Hiyo ndiyo inatuchangamsha humu."

"Ni mtu anainuka alikopiga magoti," alisema mteja mmoja.

"Wapi! Hilo ni ziwa limechafuka," mwenzake akamkatalia.

"Mimi namwona mama yangu akipalilia," alisema Dorcas. "Mgongo wake kabisa."

Masele aliketi kwenye benchi mpaka adhuhuri akiwasikiliza. Njiani kurudi aliwaza kwamba sebuleni kwake hakuna aliyewahi kubishania yale maumbo sita.

Jumamosi iliyofuata alirudi na Achola. Dorcas alipomwona aliweka kitana chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja unisuke."

Achola akakalishwa mbele ya kioo, uso ukielekea kazi yake mwenyewe ambayo hakuwa ameiona kwa miaka. Wateja hawakumjua. Ubishi ukaanza upya: magoti, mawimbi, na safari hii mmoja akaongeza barabara ya Usagara. Dorcas alisuka huku akitabasamu. Masele alisubiri Achola awaambie jibu.

"Na wewe mama, unaona nini?" aliulizwa.

Achola aliitazama kwa muda mrefu, kichwa chake kikiwa mikononi mwa Dorcas.

"Bado naangalia," alisema.