Kitanda cha Ukaguzi

Afisa ustawi wa jamii alikitambua kile kitanda kabla hajakaribishwa kuketi. Kilikuwa cha mbao, upande wa kichwani kina alama ya pasi iliyounguza, na alishakiandika mwenyewe kwenye ripoti tatu: kwa fundi cherehani, kwa mjane wa dobi na kwa baba wa mapacha. Mara ya pili alidhani vitanda vya aina hiyo vimeshuka bei. Mara ya tatu alielewa, akanyamaza.

"Karibu, mwanangu," alisema bibi mwenye nyumba. "Hapo ndipo anapolala mjukuu wangu. Siku zote."

Mjukuu, msichana wa miaka saba, alisimama kando ya kitanda kwa adabu, kama ndio kwanza wametambulishwa. Mama yake alikuwa amefariki miezi minne nyuma. Fomu aliyoishika afisa ndiyo ingeamua abaki na bibi yake au apelekwe makao ya watoto, na swali la sita liliuliza kama mtoto ana kitanda chake mwenyewe. Aliyelitunga alikuwa mtu wa kulala peke yake.

"Unalala hapa, mama?" afisa alimuuliza mtoto.

Mtoto alimtazama bibi. Bibi alitazama dari.

"Nalala na bibi. Hiki kimekuja asubuhi."

Bibi akajikaza kisabuni. "Ana utani huyu! Kaurithi kwa babu yake."

Kabla utani huo haujapata wa kuuamini, majirani wanne waliingia wakidhani mgeni keshaondoka. Fundi cherehani alitangulia na spana mkononi. Alipomwona afisa, aliificha mgongoni.

"Tumekuja kumjulia hali mtoto," alisema.

"Wote wanne?"

"Tunampenda sana, afisa."

Afisa alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na kucheka mbele ya wateja alishaacha tangu mwaka wa pili. Aliandika "hapana" kwenye swali la sita, na roho ikamuuma. Kukinyamazia kitanda aliweza. Kumgeuza mtoto mwongo kwa maandishi kulimshinda. Bibi aliiona ile "hapana" ikiandikwa, akakaa chini.

"Bibi akiugua, mtoto anakula wapi?" afisa aliuliza.

"Kwangu," alisema mjane wa dobi. "Na nywele namsuka mimi, bibi macho hayaoni vizuri."

"Sare namshonea mimi," alisema fundi. "Anakua haraka mno, naona ni makusudi."

Nafasi ya maelezo mengine ilikuwa mistari mitatu. Afisa aliimaliza, akageuza karatasi na kuendelea nyuma.

Kesho yake bosi wake alisoma mbele, akaguna, akageuza, akakaa na ule upande wa pili kitambo.

"Walikuwa wanakihamisha hiki kitanda nyumba kwa nyumba?"

"Nyumba nne, kwa ninazozijua."

"Na wewe ulijua?"

"Tangu ya tatu."

Bosi alimwandikia barua ya onyo ya kurasa mbili. Kisha akasaini fomu ya mtoto na kuandika neno moja: abaki.

Afisa alienda kwa bibi mchana uleule, onyo likiwa mfukoni, naye akitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

"Anabaki hapa," alisema mlangoni.

Bibi hakushangilia. Alivuta mfuko kutoka nyuma ya mlango, akaanza kuhangaika na fundo lake. Ndani mlikuwa na nguo zote za mtoto, daftari zake na gauni moja la marehemu mama yake. Vidole vilikataa. Afisa alipiga magoti, akasaidia kulifungua.

"Nililikaza sana," alisema bibi, na machozi yakamtoka. "Niliogopa kitu chake kisije kikadondoka njiani."