Mke wa Bondia, Sehemu ya Pili

Kila filimu inayoingia dukani kwetu Niboye, mimi ndiye ninayeihukumu. Naitazama kwanza kama ilivyotoka, kabla mume wangu Nasiri hajaitia sauti ya Kinyarwanda, kisha naandika kwenye ubao wa mlangoni uzuri wake na kasoro zake. Simwonei mtu haya. Mwigizaji akilia bila machozi, naandika. Wateja wanakuja na flashi zao, wanasoma ubao, ndipo wanachagua. Filimu za namna hii, zilizotiwa sauti ya mfasiri juu ya ile ya asili, tunaziita agasobanuye, na Nasiri ni mmoja wa wafasiri wanaotafutwa sana.

Sehemu ya pili ya filimu ya bondia niliitazama Jumatano asubuhi, huku nachambua mchele. Ya kwanza sikuwahi kuiona. Nasiri aliifasiri mwaka juzi, zile wiki tano nilipokuwa kwa mama yangu Kanombe, na niliporudi kila mtu alikuwa ameshaichoka. Lakini Kiingereza nakijua, nimekulia Kampala, na hadithi niliielewa bila shida.

Kasoro zilikuwa tele. Mazoezi yalikula nusu saa nzima: jamaa anakimbia, anaruka kamba, anakimbia tena, utadhani tulikuja kumtazama akitoka jasho. Mpinzani wake hana nyumbani, hana ndugu, hana lolote ila misuli. Pambano la mwisho hata mtoto angekwambia nani atashinda. Lakini ngumi zenyewe zilikuwa nzuri. Kufikia raundi ya tisa wanaume wale walikuwa wanaegemeana kwa uchovu, nami nikawaamini. Halafu kulikuwa na mke. Alikuwa amemwacha bondia katika sehemu ya kwanza, na sasa anakuja kumwona hospitalini, anavuta kiti, anamweleza kwa nini aliondoka. Dakika nne, hakuna muziki. Nililia, mchele nikausahau. Nikaandika ubaoni: "Uzuri: mke aliyemwacha bwana. Kwa ajili yake, samehe mengine."

Gahongayire, muuza nyanya wa jirani, akasoma, akaguna.

"Mama Kaze, hapa umekosea. Ule bibi hakuacha bwana yake. Alienda kwa mama yake, alisema Jumamosi iko anarudi."

"Nani alisema?"

"Si bwana yako! Mimi niliona ile filimu mara tatu. Kama kwa ya pili wanasema alimuacha, basi wenye kuitengeneza walisahau ya kwanza. Hiyo ndiyo kasoro, andika."

Sipendi kufundishwa kazi na mtu wa nyanya. Nikaifungua sehemu ya kwanza kwenye kompyuta mbele yake. Mwanamke amesimama mlangoni na sanduku. Kwa chini, nyuma ya sauti ya Nasiri, nikamsikia akisema kwa Kiingereza kwamba harudi tena, asitafutwe. Na juu yake, sauti ya mume wangu: "Naenda kwa mama kidogo tu. Jumamosi niko nyumbani. Maharage nimekuachia jikoni."

"Umesikia?" Gahongayire akauliza.

"Nimesikia," nikamjibu, nikazima.

Kwanza nilipandwa na hasira, maana Nasiri aliharibu kazi ya watu. Kisha nikakumbuka aliifasiri lini. Katika wiki zile tano hakunipigia simu kuniuliza lolote. Niliporudi alisema "karibu", akaendelea na kazi, nami nikaumia kimoyomoyo kwamba hakujali.

Sasa siku ileile alikuwa anarekodi ya pili. Akisema kweli, wateja watajua aliwadanganya, na mfasiri asiyeaminika hana kazi. Akidanganya tena, kile kipande cha hospitalini kitaharibika, na filimu haina kingine. Lakini mimi sikuwa nahangaikia filimu tu. Nilitaka kujua kama mwanamume niliyerudi kwake alielewa kwamba, nilipomwambia sirudi, nilikuwa nimemwacha kweli.

Nikaingia katika chumba anachorekodia, chenye mablanketi kuta zote. Picha ilikuwa imesimama pale hospitalini, mke yuko kwenye kiti.

"Nimekwama hapa tangu saa saba," Nasiri akasema.

"Baba Kaze, katika ya kwanza alisema harudi. Nimemsikia leo."

Akainamisha kichwa. "Na wewe ulisema hivyohivyo. Nilishindwa kuyarudia kwa mdomo wangu."

"Kumbe ulijua nimekuacha."

"Nilijua. Sababu ndiyo sikuijua. Niliogopa kuuliza."

"Uliza."

Akauliza. Nikamwambia. Siku mimba yetu ya pili ilipotoka, nilimwita nikiwa nimeshika mlango wa chumba hiki. Yeye alikuwa anafasiri pambano. Hakugeuka, aliinua kiganja tu ili ningoje raundi iishe. Nikangoja.

Habari ya mimba aliijua. Kiganja chake alikuwa amekisahau. Alilia, na sikumbembeleza, ila sikutoka pia. Niliketi palepale sakafuni mpaka akatulia.

Kisha akarudisha filimu mwanzo, akawasha kipaza sauti, na kabla jina halijatokea kwenye kioo akasema: "Ndugu zangu, sehemu ya kwanza niliwadanganya. Yule mama hakusema atarudi. Mimi ndiye niliyetaka arudi."