Mama Mkwe na Koki ya Jikoni

Nimekarabati nyumba za familia za wanajeshi hapa Alaska kwa majira ya baridi kumi na tisa, na nakwambia adui wa bomba si baridi. Adui wa bomba ni mtu mwenye bidii.

Kila Oktoba tunapita mlango kwa mlango tukisema jambo lile lile: baridi ikikaza, acha koki ya jikoni idondoshe matone usiku na mchana, maji yanayotembea hayagandi. Yesenia Arriaga, mke wa sajini mmoja, alinisikia vizuri. Mama mkwe wake, Bi Ofelia, alikuwa bado kwao New Mexico, kwenye jangwa kavu. Alikuwa amefika juzi yake tu, kumpokea mwanawe. Wasemao mgeni njoo mwenyeji apone hawajawahi kumpokea yeye.

"Nimezifunga zote," aliniambia kwa fahari nilipofika saa sita mchana. "Tena nimekaza! Huyu mtoto anamwaga maji utadhani baba yake ana mto."

"Mama, jamani!" Yesenia alikuwa kashika kichwa. Mumewe, Sajini Efraín, alikuwa anatua saa nane baada ya miezi tisa ng'ambo, na bomba la jikoni lilikuwa limeganda. Likipasuka, nyumba inafungwa, familia inahamishiwa nyumba ya wageni, na sajini analala kwenye kitanda cha kuazima.

"Fundi, si ulipige moto tu?" Bi Ofelia akauliza.

"Nichome na nyumba? Hapa ni mashine ya kukaushia nywele, taratibu, kwa muda wa saa tatu hivi. Na haiachwi peke yake hata dakika. Mimi nina nyumba saba zinanisubiri."

Wakatazamana. Mmoja wao asingeenda uwanja wa ndege.

"Nitabaki mimi," Yesenia akasema, machozi yakimlenga. Alikuwa amevaa gauni jekundu jembamba, katika baridi ile, bango la kumpokea mumewe mkono mmoja, mashine ya nywele mkono wa pili.

Bi Ofelia akampokonya mashine. "Na gauni hilo uingie chini ya sinki? Toka! Nenda kwa mumeo. Mimi nilimwona alipozaliwa, inatosha."

Nilicheka, halafu nikamwona analikazia macho lile bango la mwanawe. Nilijisikia vibaya.

Nilirudi saa tisa na nusu, roho juu. Alikuwa amelala chali ndani ya kabati la sinki, miguu tu nje, analisimanga bomba: "Mjinga wewe! Kwetu maji yanaletwa na lori, wewe unayo ya bure unagoma?"

Kabla sijatua mkoba, mlango ukafunguka. Sajini aliingia na theluji mabegani, Yesenia nyuma yake.

"Mama?"

Miguu ikatulia. Kisha sauti ikatoka kabatini, kali lakini imepasuka katikati: "Usinisogelee! Nikiacha sasa litaganda upya!"

Sajini akavua kofia, akajilaza sakafuni na sare yake yote, akaingiza kichwa mle ndani kando ya mama yake. Walichosemezana sikukisikia, mashine ilikuwa inapiga kelele. Nilisikia mtu analia, sikujua nani. Yesenia naye akaanza, na mimi nikajifanya natafuta spana.

Bomba likakohoa, likatema kipande cha barafu, maji yakamiminika. Nikapiga magoti kati ya buti na viatu vya mama, nikalipapasa lote.

"Fundi, linavuja?" Bi Ofelia akauliza.

"Halivuji hata tone."

"Basi nenda zako," akasema, bado kabatini. "Mwanangu amekuja."