Mizani Iliyosoma Sufuri

Siku ile nililala nimejikasirikia. Mchana alikuja mtafiti, binti mpole aitwaye Ndeshi, kutuuliza sisi tuliopona saratani ugonjwa ule umetugharimu nini na umetuacha na nini. Nami, kwa kuwa mgeni haelezwi shida za nyumbani, niliyajibu maswali yake kama salamu. Mliuza kitu? Aa, tunashukuru Mungu. Kuna aliyeacha masomo au kazi kwa ajili yako? Hakuna, mwanangu, hatukukosa kitu. Hata soda nilimwagizia, ya mkopo. Aliyeileta ni binti yangu Nakijwa, ambaye aliacha chuo cha uuguzi ili ada yake ininunulie dawa, na sasa anaponda kokoto kule bondeni. Alinisikia. Aliweka soda mezani, akatoka, na usiku hakuja kula.

Usingizi uliponichukua, nilijikuta katika nchi isiyo na jua wala upepo, ambako watu waliopona walipanga foleni kimya kuielekea mizani kubwa ya chuma. Kando ya foleni aliketi mwanamke mzuri mno, anayenukia udi, akimvisha kila mmoja kanga mpya na kumfuta machozi kabla hayajaanguka. Nilimpenda papo hapo. Akaninong'oneza, "Simama wima, mama. Ya kwako yafunike, watu wasikucheke." Sauti nyuma yangu ikasema, "Huyo ni Haya. Adabu anayo tele, ila hajawahi kumlisha mtu." Nikageuka, nikamwona mwanamke mfupi, miguu mitupu, mwenye uso ambao huwezi kuutazama muda mrefu. Jina lake Kweli. Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

Kila aliyepanda mizani, mshale haukutikisika. Mwenye mizani, Bwana Kipimo, kipofu mwenye masikio makubwa, alitangaza, "Hana mzigo! Apite!"

"Mbona inasoma sufuri?" nikauliza.

"Kipimo haoni," Kweli akajibu. "Hupima asikiacho, usimlaumu. Wewe tazama nyuma ya foleni, kule Haya asikotaka mtazame."

Nikatazama. Nyuma ya kila aliyepona alisimama mtu wake, mume au dada au mtoto, ametwishwa mzigo kichwani, shingo imezama mabegani. Hakuna aliyelia. Nyuma yangu alikuwa Nakijwa.

Zamu yangu ikafika. "Una mzigo?" Kipimo akauliza. Nikajibu upesi, "Sina, nashukuru." Ardhi ikammeza mwanangu hadi magotini. "Kuna aliyepoteza chochote kwa ajili yako?" "Hakuna." Hadi kiunoni. Nikaona kinachotendeka, nikataka kusema, lakini mdomo wangu ulishazoea njia yake. "Na nyumbani hamjambo?" akauliza kwa upole, na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu, "Hatujambo." Udongo ukamfika kidevuni. Hakunilaumu. Alinitazama tu, na hilo lilinitisha kuliko yote.

Kweli akaniinamia. "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Wewe maradhi hukuyaficha, ndiyo maana uko hai. Mbona basi unamficha aliyekuponya?"

Nikapiga ukelele wa jina lake, na ukelele huo ukaniamsha. Kumekucha. Nakijwa alikuwa kando ya kitanda changu, nyundo mkononi, vumbi la jana bado limo nyusini. "Mama, umeniita?"

Nilikuwa nimeelewa kwamba mzigo niliosema sina ulikuwa kichwani kwake muda wote, na kwamba heshima niliyojistiri nayo mbele ya mgeni niliikata katika nguo yake. Nikachukua simu, nikampigia Ndeshi kabla hajasafiri.

"Mwanangu, samahani kukuamsha," nikasema. "Yale ya jana yafute. Uliniuliza kama kuna aliyeacha masomo kwa ajili yangu. Yupo. Anaitwa Nakijwa, na alikuwa anasoma vizuri."

Nakijwa akakaa chini pale pale sakafuni, nyundo mapajani, akalia kilio ambacho hakukilia siku ile aliporudi na sanduku lake kutoka chuoni.