Uzi Mlangoni pa Seli

Msimamizi Gwak alikitupa kibanio juu ya meza ya chuma, mbele ya wanawake wote wa zamu ya asubuhi. Kibanio cha nywele, chenye utepe mweupe wa katani, wa kuvaliwa na mfiwa. Sun-rye alikitambua. Kila siku tangu amzike mumewe, akitoka hekaluni kumwombea, alikivua na kukiacha kabatini kabla ya kuvaa mavazi ya chumba safi, kisichotakiwa hata vumbi, wanamotengenezea vigae vya kupimia damu.

"Mmefungua kabati langu?"

"Kabati la kampuni, mama. Lako liko kwako."

Skrini ya ukutani ilionyesha kigae cha raba angavu, kimekuzwa hadi vijia vyake, vyembamba kuliko unywele, vikawa mitaro. Humo hupitishwa damu ya mgonjwa. Kila seli ya damu inanaswa peke yake katika kishimo, mlango unafungwa, dawa inaingia, seli inapasuka, madaktari wanasoma yaliyokuwa ndani. Jana kigae hiki kiligoma mbele ya wageni wa hospitali. Uzi ulikwama mlangoni. Nyuma yake seli ilikaa nzima, haikupasuka.

"Uzi wa rangi gani huo?" Gwak aliuliza.

Ulikuwa wa buluu. Buluu iliyokolea, kama koti la sufu la Mkurugenzi Seon, aliyeingia chumba safi majuzi na wapiga picha bila vazi wala kofia, eti picha inapendeza uso ukionekana. Sun-rye ndiye aliyemfungulia. Alimwinamia, akampisha.

"Wa buluu, bwana."

Mtu alicheka kwa pua.

"Mal-ja! Wewe bado una macho. Rangi gani?"

Mal-ja ndiye aliyekesha na Sun-rye msibani, akiosha mabakuli ya supu. Alitazama skrini, akatazama viatu vyake.

"Mweupe."

"Na wewe?"

"Mweupe."

"Mweupe, bwana, kabisa."

Ikaenda hivyo mpaka mwisho wa mstari.

"Umesikia? Umeleta matanga yako mpaka kwenye damu za wagonjwa."

"Sikuingia nacho mle ndani."

"Nyuzi zinabaki kichwani. Inama, omba radhi, nenda zako. Ukibisha, hakuna hata mmoja hapa atakayeongezewa mkataba."

Mstari mzima ukamgeukia.

"Dada, inama tu," Mal-ja alinong'ona. "Mimi nina mama kitandani. Wewe huna tena wa kumlisha."

 Sun-rye akainama, mpaka akaona sakafu.

"Ni utepe wangu. Mnisamehe."

Akiwa bado ameinama, alinyoosha mkono kuchukua kibanio. Gwak alikiwahi, akakitia kwenye mfuko wa plastiki.

"Hiki ni ushahidi."

Mlango ukafunguliwa. Mkurugenzi Seon aliingia kuona mambo yameishaje, koti lake la buluu begani, akalikung'uta vumbi la nje. Mstari mzima ukainama.

Sun-rye alikuwa bado hajainuka.