Salamu za Mabano

"Tena, baba. Polepole."

Binti alifuta ubao wa sebuleni kwa kitambaa chenye maji, akaandika upya kwa mwandiko wake wa darasa la sita, alikoachia shule mama yake alipofariki: (x + 3)(x + 2). Mwalimu mkuu angefika wakati wowote. Akiridhika, baba, aliyepumzishwa kwa kusahausahau, atarudi darasani muhula ujao. Asiporidhika, ndiyo basi.

Wanafunzi walimwita Bwana Mabano. Miaka yote aliwafundisha kuzidisha kwa salamu: mabano ni nyumba mbili, na kila aliyemo katika ya kwanza lazima ampe mkono kila aliyemo katika ya pili. "Ukimruka mtu, umemtia uchungu bure," alikuwa akisema. Kisha wapange, mwenye kipeo kikubwa akae mbele. Binti aliyajua hayo kutoka jikoni, masikio sebuleni, sufuria ikiungua.

Hodi ikapigwa. Mwalimu mkuu, mwanafunzi wa zamani wa baba, aliingia na jirani yao fundi viatu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba! Usikalie kiti hicho, kina mguu mmoja mwongo. Kalia kile."

Wakacheka. Binti akashusha pumzi. Leo yuko sawa, hata utani anao.

"Nikumbushe hiyo, mwalimu," mwalimu mkuu alisema, akionyesha ubao. "Ukubwa umenilia akili."

Baba akashika chaki. x akampa mkono x. Tatu akampa mkono mbili. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri, uliolala kidogo:

x² + 6

Akarudi nyuma, akautazama, akatabasamu.

Binti alisubiri. Ile 5x haikuja. Kwa kosa hilohilo baba aliwahi kusimamisha darasa zima: wa katikati mmewaacha nje! Binti akakohoa. Baba hakugeuka.

Mwalimu mkuu aliutazama ubao, akainuka.

"Vizuri, mwalimu," alisema. "Pumzika kwanza. Tutakuwa tunakuja kukuona."

Mlangoni baba akampa mkono mwalimu mkuu. Akampa fundi viatu. Binti, aliyesimama kati yao, alikuwa ameunyoosha wake pia, hakujua kwa nini. Baba akaupita.

"Na binti yenu huyu, mpole kweli," aliwaambia. "Msimsahau hapa."

Walipoondoka, binti aliokota chaki chini ya ubao. Ilikuwa bado na joto la vidole vya baba. Akaifumbata, asiandike kitu.